Nilivyokuna Nazi Kisarawe na Samoa

Enzi zetu Kisarawe, mvulana kuonekana amekalia mbuzi anakuna nazi ilikuwa aibu. Mimi niliikalia kila jioni, kwa kuwa mama hakujaliwa binti. Wenzangu walipita njiani na mpira wao wa matambara, na Mrisho, mtoto wa jirani, hakuwahi kupita kimya.

"Hodi, bi harusi! Umeshaposwa?"

Machozi yalinitoka. Mama aliendelea kukamua tui kwa kifumbu. "Wali ukiiva utaukataa? Kuna, baba, ila usifike kwenye kifuu, tui litakuwa jeusi." Chakula kikiiva, wanaume walianza kula barazani. Sisi watoto tulisubiri jikoni, tukigombania ukoko na kucheka mpaka tunapaliwa. Vijana wa leo wananunua tui la pakiti, kisha wanauliza mbona wali haunukii.

Nilisoma, tena bila kubebwa na mtu. Mwingereza akiwa bado anatutawala, nilipata stashahada ya kilimo, wa kwanza kijijini kwetu, nikapelekwa visiwa vya Samoa, katikati ya Bahari ya Pasifiki, kujifunza ukulima wa minazi. Kisarawe nzima, Kibaha na Soga mkiziongeza, nani mwingine alikuwa amefika huko? Nitajieni.

Nilikaa kwa mzee Tavita, mkuu wa ukoo. Nyumba yake haikuwa na kuta, nguzo na mikeka tu. Tulikaa tumekunja miguu, maana kumnyooshea mtu miguu ni kumtukana. Nilikula na wazee, vijana wakituhudumia. Heshima niliipenda, sifichi. Lakini kila nilipouliza habari za mila zao, nilijibiwa kwa tabasamu la kumpa mgeni. Ningerudi nyumbani sijui kitu.

Jumapili moja asubuhi nilizunguka nyuma, jikoni. Kumbe huko wapishi ni vijana wa kiume! Walikuwa wakichoma mawe ya kuokea magimbi na mashelisheli. Mmoja wao, Ioane, alikalia ubao wenye meno ya chuma, akikuna nazi. Mbuzi ile ile!

"Nipishe," nikamwambia.

"Bwana Stashahada, utajikata!"

Nilikuna mpaka wakaacha kucheka. Tui langu ndilo lililomiminwa kwenye majani machanga ya magimbi.

Wakati wa kula nilielekea mahali pangu kwa wazee. Ioane akanivuta shati. "Aliyepika anahudumia, ndugu. Sisi tunakula baadaye."

Mzee Tavita aliitazama mikono yangu iliyojaa machicha. "Mkeka wako upo," akasema. "Chagua mwenyewe."

Nilibeba chakula, nikawahudumia wazee. Kisha nikala na vijana kilichobaki, na siku hiyo ndipo waliponieleza yote: koo zao, miiko yao, nani anamtaka binti wa nani. Tangu hapo mzee Tavita alinituma maji kama wanawe.

Niliporudi Kisarawe, mama aliniazimia kiti cha mwalimu. Niliposikia nazi inakunwa, niliinuka, nikaenda jikoni.

"Mama, nipishe nikusaidie."

"Astaghfirullah! Mtu na stashahada yake? Watu watasema nini? Rudi ukae, baba."

Nikarudi. Tulipokuwa wadogo tulikula wa mwisho, mikono mingi kwenye sinia moja. Sasa niliandaliwa wa kwanza, sahani yangu peke yangu, minofu yote juu. Nilikula barazani nikiwasikia mama na watoto jikoni wakicheka, na hakuna aliyekuja kunieleza kilichowachekesha.