Bukta Iliyovuka Malagarasi

Jamani, hii aibu nilitaka nife nayo, lakini kwa kuwa Kitahana nzima wanaisimulia na kuongeza chumvi, wacha niisimulie mwenyewe, angalau mcheke kitu cha kweli.

Mwaka jana nilikuwa kibarua kwenye kazi ya kupitisha waya wa intaneti (mkongo, wenyewe wanauita) chini ya Mto Malagarasi. Bomba lilikuwa limeshalazwa chini ya mto, mdomo mmoja huku Kibondo, mwingine kule upande wa Kasulu. Siku hiyo tulitakiwa kupitisha kamba nyembamba: unaifunga kwenye sponji, unaichomeka bombani, kompresa inapuliza, sponji inatokea ng'ambo na kamba yake, halafu kamba hiyo ndiyo inakuja kuvuta waya. Sponji nilitakiwa kuja nayo mimi. Nikaisahau gheto.

Kusema kweli nilimwogopa fundi wetu, Mzee Bakari, maana alishanionya mara mbili, na mwezi huohuo nilikuwa nimepeleka barua ya posa kwa kina Eliza, sasa nikifukuzwa kazi kabla ya jibu, posa si ingeota mbawa? Nikajaribu tambara, likapwaya. Nikajaribu fulana, ikakwama. Nikaingia kichakani, nikavua bukta (suruali nilibaki nayo, msinifikirie vibaya), nikaiviringisha ikawa saizi yenyewe, nikaifunga kamba na kuichomeka.

"Washa mashine, mzee," nikasema, kama mtaalamu.

Kamba ikawa inakimbia mikononi mwangu mpaka nikaona raha. Kumbe kule ng'ambo mama yake Eliza, aliyekuwa akiwauzia vibarua ugali na maharage, ameinama kuchungulia ni kitu gani kinavuma mle bombani. Bukta ikatoka na maji ya tope, ikatua begani mwake.

Kompresa ikazimwa. Mama akaishika kwa vidole viwili, akaikunjua mbele ya watu wote, nyekundu, ina tundu nyuma.

"Hii ni ya nani?" akauliza, na sauti juu ya maji inafika.

Nikataka kukana. Lakini kamba ilianzia kwenye bukta, ikapita chini ya mto mzima, ikaishia mkononi mwangu. Akaivuta kidogo kuhakikisha, na mkono wangu ukanyanyuka wenyewe.

Watu walicheka pande zote mbili za mto. Mzee Bakari alifuta machozi, akasema, "Kamba imepita, siwezi kukufukuza." Lakini mimi roho iliniuma, maana kwetu mkwe na mama mkwe hata kusogeleana ni kwa heshima, sasa mimi nimemvisha nguo yangu ya ndani. Siku tatu sikula vizuri, nikijua Eliza nimemkosa.

Siku ya nne Eliza akaja mwenyewe na bukta, imefuliwa, tundu limeshonwa.

"Nyumbani wamekubali posa," akasema, akijikaza asicheke. "Mama kasema mtu wa hali hii akiachwa peke yake ni hatari."

Tumeoana, na furaha tunayo. Ila sirudii tena kuficha kosa kazini. Ningesema ukweli, Mzee Bakari angenikaripia dakika tano yakaisha. Sasa kila sikukuu nikifika ukweni, shemeji zangu kabla ya salamu wananiuliza nimevaa nini ndani.