Hatua ya Kusubiri

Ninsiima alizaliwa amekunja ngumi. Mama yake, Kokubanza, huwaambia hivyo hata wageni, na hakuna aliyewahi kumbishia. Shuleni alimng'oa jino mvulana aliyemwita binti wa mavi ya ng'ombe. Mwalimu alimcharaza viboko mpaka mkono wake mwenyewe ukachoka, na mtoto hakutoa chozi. Baba yake, mzee Rugemalira, ambaye mtoto alimwita Tata, alipopata habari hakumgombeza. Alimchongea fimbo ya kuchungia, akamwambia kwamba mwenye hasira asikae mikono mitupu, atafute kazi.

Kazi aliyoipata iliwaacha midomo wazi wengi huko kwao, kwenye mbuga za juu ya Bugomora. Alisomea kompyuta, akaajiriwa Omurushaka katika ofisi ndogo ya kutengeneza programu, na huko nako akaendeleza ugomvi, safari hii na mashine. Programu ikikwama, meza ilikula makofi. Mwenye ofisi alikuwa Aimable, kijana wa wakulima wa Nyakatuntu ambao babu zao walitoka Rwanda. Alikuwa mpole, mwenye maneno matamu, na mtu wa haraka kupita kiasi. Walielewana vizuri kuliko ungetegemea.

Chama cha wafugaji kiliwaomba programu ya kupambana na wizi wa ng'ombe. Kila ng'ombe alikuwa na hereni yenye namba sikioni. Ukimwona ng'ombe mgeni mahali, unatuma namba yake kwa simu, na programu inajua ni wa nani. Si jambo la mchezo hilo. Mwizi wa ng'ombe akikamatwa mbugani, hafikishwi polisi akiwa na viungo vyake vyote, na wapo watu wanaotembea na makovu ya kushuhudia hayo.

Ninsiima aliongeza kitu ambacho mtu asiyekulia zizini asingekifikiria. Wafugaji wa kule hawaweki ng'ombe wao wote mahali pamoja, maana ugonjwa ukiingia au wezi wakivamia, umekwisha. Mtu humpelekea rafiki yake ng'ombe mmoja au wawili amtunzie. Maziwa anakunywa mtunzaji, ng'ombe anabaki kuwa wa mwenyewe. Na jambo hilo halisemwi. Aliyeweka hasemi, aliyewekewa hasemi, na mara nyingine hata watoto wao hawajui. Kutaja alipo ng'ombe wa mwenzio ni kumvua nguo hadharani. Basi Ninsiima akaweka hatua ya kusubiri: ng'ombe akionekana katika zizi la mtu mwingine, programu imuulize mwenye ng'ombe kwanza, kwa siri, na isimwambie mwingine yeyote mpaka ajibu.

Waandishi wa programu wana desturi ya kuacha maelezo mafupi juu ya mistari yao, ili atakayekuja baadaye ajue kwa nini kitu kimefanywa hivyo. Ninsiima aliacha maelezo kila mahali. Ni pale tu kwenye hatua ya kusubiri ambapo hakuandika neno. Mkono ulikataa. Aimable hakuuliza, naye hakusema.

Kisha ikaja akili mnemba, ile unayoiambia kwa maneno ya kawaida unachotaka nayo ikakuandikia programu kabla chai haijapoa. Msidhani Ninsiima aliichukia. Aliipenda kama mtu anavyompenda mtani wake. Ilipokosea aliitukana kwa Kinyambo, lugha ya kwao, ilipopatia aliisifu, na kila ilichoandika alikipekua mstari kwa mstari kama anayetafuta kupe kwenye sikio la ndama. Aimable hakuwa na subira hiyo. Mwanzoni alisoma nusu nusu, baadaye akaacha kabisa, na asubuhi moja akamwita Ninsiima mezani kwake.

"Dada, usinielewe vibaya. Kazi ya watu wawili sasa naimaliza peke yangu."

"Na nani anasoma inachoandika?"

"Inajikagua yenyewe."

Ninsiima akanyanyua kiti. Aimable akajikinga uso kwa mikono miwili. Kiti kilipasua dirisha badala ya kichwa chake, na mpaka leo watu wanabishana kama alikosa shabaha au alilenga pale pale. Akarudi Bugomora, akaichukua ile fimbo yake ukutani, akatoka na ng'ombe.

Msimu ule mbuga zilinuka damu. Wezi walikuwa wamemuua mchunga ng'ombe upande wa mpakani, wakamwacha kwenye majani na koo wazi, na vijana wa kila kitongoji wakaanza kutembea na mapanga mchana kweupe. Kila mtu alikuwa akitafuta wa kumlipizia kisasi.

Ilikuwa Jumamosi, jua la utosi. Ninsiima alikuwa akinywesha ng'ombe bondeni simu ilipolia. Ujumbe ulisema: "TAHADHARI YA WIZI. Ng'ombe wa Mwesiga yupo zizini kwa Rugemalira." Maneno aliyatambua, aliyapanga mwenyewe. Ila ujumbe ule ulipaswa kusubiri jibu la Mwesiga, na sasa ulikuwa umekwenda kwa wanachama wote kwa pamoja. Mchuuzi fulani aliyepita asubuhi alikuwa amemwona ng'ombe mwekundu aitwaye Gaju, akatuma namba ya hereni yake. Na Gaju kweli alikuwa wa Mwesiga, rafiki wa mzee Rugemalira tangu ujana wao, aliyemleta kwa mkono wake.

Ninsiima aliwaacha ng'ombe majini, akapanda kilima mbio huku akimpigia Mwesiga. Hapatikani. Mwesiga alikuwa Chonyonyo kwenye harusi, na padri wa kule hataki simu kanisani. Akampigia Aimable.

"Izime programu yako! Watumie watu wote ujumbe kwamba ni makosa! Watamuua Tata!"

"Makosa gani, dada? Ngoja kwanza niiulize..."

"Usiiulize! Izime!"

Alipofika juu, ua wa kwao ulikuwa umejaa watu. Kibanda cha ndama kilikuwa kinawaka moto. Mbele ya wote alisimama Jasson, mwana wa Mwesiga, aliyekunywa maziwa ya nyumba ile tangu hajaota meno. Siku hiyo hata shikamoo hakutoa.

"Mzee, huyu ng'ombe ni wa baba yangu. Amefikaje hapa?"

"Mimi si mwizi," akasema Rugemalira.

"Sikukuuliza hilo. Amefikaje?"

Mzee akanyamaza. Jiwe likatoka nyuma ya kundi, likampasua paji la uso, damu ikamshuka machoni. Hakujifuta. Ninsiima akapenya katikati kwa viwiko.

"Amewekewa! Jasson, baba yako ndiye aliyemleta!"

"Nyamaza, Ninsiima!" mzee akamkemea binti yake kwa sauti ambayo hakuwatolea hata wenye mapanga.

"Kama ni kweli, aseme mwenyewe," Jasson akasema, macho yamemwiva. "Sema, mzee. Baba alikuletea? Neno moja tu, nasi tunaondoka."

Neno moja. Ninsiima alimwangalia baba yake, akamwomba kwa macho, akamwomba kwa sauti, "Tata, waitu, tafadhali sema," na kwa mara ya kwanza maishani mwake alimchukia. Mzee alifumba mdomo kama mtu aliyeshikiwa dawa chungu.

Wakamvamia. Ninsiima alizungusha fimbo ikamvunja mmoja mfupa wa bega, sauti yake ikasikika. Alimpiga mwingine usoni, akamng'ata wa tatu aliyemshika nywele mpaka akaonja damu ya mtu. Wakamwangusha, wakamkanyaga mbavu. Kokubanza alikuwa akipiga yowe, ng'ombe wanagonga uzio, ndama mmoja anaungua ndani ya kibanda na hakuna wa kumtoa. Akiwa chini, kati ya miguu ya watu, Ninsiima aliliona panga la Jasson likipanda. Baba yake aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa. Panga likashuka, na kiganja kikaanguka kwenye samadi.

Simu ya Jasson ndiyo iliyowanyamazisha. Ililia mfukoni mwake, ikakatika, ikalia tena, na alipoipokea kwa vidole vyenye damu akagusa kipaza sauti. Sauti ya Mwesiga ikasikika ua mzima.

"Nani amekutuma kumtafuta ng'ombe wangu? Nilimpeleka mwenyewe kwa Rugemalira! Jasson! Umefanya nini?"

Panga likamtoka Jasson. Akapiga magoti kwenye matope, akaanza kuita, "Baba mdogo, baba mdogo," akijaribu kuufunga mkono ule kwa shati lake, na Kokubanza akampiga teke la kifua na kuufunga yeye kwa kanga yake.

Mzee hakufa. Hospitalini walimshona, lakini mkono uliokuwa ukikamua ng'ombe tangu utoto ndio huo umekwenda. Alipozinduka alimtafuta binti yake kwa macho.

"Mwesiga alisema mwenyewe?"

"Ndiyo, Tata. Kwa kinywa chake."

"Vizuri. Basi si mimi niliyemsema."

Akalala tena, ametulia kabisa. Ninsiima, ambaye viboko vya mwalimu havikumtoa chozi, alilia mpaka wauguzi wakamtoa nje. Huko nje akapanda bodaboda kwenda Omurushaka, mbavu zikimchoma kila kwenye shimo, fimbo yake mkononi.

Aimable alipomwona mlangoni alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia.

"Nimeizima, dada. Naapa nimeizima."

Fimbo ikashuka juu ya meza. Kioo cha kompyuta moja kikapasuka vipande, vikombe vikaruka.

"Fungua ile uliyokuwa ukizungumza nayo. Nisomee. Kwa sauti."

Aimable akakaa mbele ya kompyuta nyingine, akatafuta mahali penyewe.

"Niliiambia, 'Wateja wanalalamika ujumbe unachelewa. Ifanye iwe ya haraka. Ondoa visivyo na kazi.'"

"Ikajibu nini?"

Aimable akasoma. "'Kuna hatua moja inayosubiri jibu la mwenye ng'ombe. Ndiyo inayochelewesha. Haina maelezo yoyote, kwa hiyo sijui iliwekwa kwa nini. Ni vizuri kumuuliza aliyeiandika kabla ya kuiondoa. Niendelee?'"

"Nawe?"

"Nikaandika, 'Endelea.'"

"Ulikuwa na namba yangu?"

"Nilikuwa nayo."

Ninsiima akainua fimbo. Alitaka kuuvunja mkono ule ulioandika neno lile, auvunje kiganja na vidole vyote, ili nao usikamue kitu tena. Aimable hakujikinga safari hii. Aliuweka mkono mezani, akafumba macho.

Haina maelezo yoyote. Maneno hayo yalimrudia Ninsiima. Mashine ilikuwa imetafuta sababu juu ya mistari yake na kukuta patupu, kwa kuwa yeye, binti wa Rugemalira, alikuwa amefumba mdomo kama baba yake. Alimkumbuka mzee na damu machoni, jinsi alivyomchukia kwa kunyamaza, na fimbo ikawa nzito. Akaishusha.

"Toka kwenye hicho kiti."

Alikaa, akafungua mistari yake ya zamani, na juu ya hatua ya kusubiri akaandika, akafuta, akaandika tena: "Usiiondoe. Huku mtu humwekea rafiki yake ng'ombe, na hawatasema, hata mkono ukikatwa." Kisha akaiagiza ile akili mnemba irudishe kila kitu kama kilivyokuwa. Ikajibu papo hapo kwamba sasa imeelewa sababu. Ninsiima akaanza kusoma ilichoandika, mstari kwa mstari, fimbo aliyochongewa na baba yake mapajani.