Kikwembe Nilichokikata Katikati

Kazi yangu hapa mtaani Mapendo ni kubandika maua ya kitambaa juu ya nguo: kanzu za kwaya, robo, yaani magauni, za harusi, nguo za watoto wa komunyo. Nakata ua kutoka kwenye kikwembe, kitenge cha kujifunga chenye maua, nalishikiza mahali pake kwa sindano, kisha nalizungusha kwa mashini ili ukingo usifumuke. Watu hunisifu kwa kazi hiyo, na sifa ndizo zilizoniharibu.

Mama mmoja wa mtaa wa Keshero, aliyekimbia vita kutoka milima ya Masisi, aliniletea robo nyeupe ya binti yake aliyekuwa anaolewa, pamoja na kikwembe cha marehemu mama yake. Kilikuwa kimekunjwa na kufungwa kamba. Miaka yote ya kukimbia kilitunzwa na dada yake mkubwa, anayeishi mji wa Kiwanja, naye alikuwa amekileta wiki ile tu.

"Sijakifungua," aliniambia. "Nikikifungua nitalia. Ukate majani ya pembeni tu, mama. Ya katikati usiguse. Nitabebea mutoto wa binti yangu ndani yake, vile mama alinibeba mimi."

Nikasema ndiyo.

Nilipokikunjua mezani, majani ya pembeni yalikuwa yamefifia. Katikati kulikuwa na maua mekundu makubwa, rangi bado kali. Niliwaza kanisa limejaa, watu wakiuliza nani ameshona. Nikachukua makasi. Nilikata moja, nikajiambia moja halitaonekana. Nilipoliweka kifuani pa robo, lilikaa peke yake kama doa. Nikakata mengine matano.

Siku aliyorudi, nilimwonyesha robo kwanza. Akaifurahia, akaigusa kwa ncha za vidole. Kisha akauliza kikwembe kiko wapi. Nikamjibu bila kusita: "Mama, nilipokikunjua nilikuta panya wamekula katikati. Niliondoa sehemu zilizoharibika, nikatumia maua yaliyobaki mazima."

Alinishika mkono, akanipa pole kwa usumbufu. Mimi ndiye niliyepewa pole.

Harusini robo ilisifiwa, na wateja wakaja. Mwaka uliofuata nikasikia amepata mjukuu, nikampelekea sabuni. Nilimkuta amembeba mtoto kwa kitenge kipya cha sokoni. Nikauliza kama dada yake amekwisha kuja kumwona mtoto.

"Hapana. Tangu harusi hatuongei. Nilimuambia aliachia panya kikwembe ya mama. Alilia, akaomba musamaha. Nikakataa. Sasa nikimupigia simu, haitiki."

Nikakaa kwenye kiti. Nikamweleza yote: makasi, ua la kwanza, yale matano, uongo wa panya. Alisikiliza huku akimpigapiga mtoto mgongoni. Hakunitukana.

"Mimi nimesikia," alisema. "Sasa enda umuambie yeye."

Kesho yake nikapanda pikipiki mpaka Kiwanja. Dada yake alikuwa uani akichambua maharagwe. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kuketi na sikustahili. Akaacha maharagwe.

"Ile kikwembe ilikuwa muto wangu wa kulalia," alisema. "Hata kambini, nililaza kichwa juu yake. Mwaka muzima nimejiuliza: ni siku gani nililala sana mpaka panya ikaingia?"

Nilisema nisamehe, na neno lenyewe lilikuwa dogo mno mdomoni.

Aliomba simu yangu. Mdogo wake alipoitika, akamwita kwa jina la utotoni, kisha akaenda nayo nyuma ya nyumba. Nilibaki na maharagwe yake, nikiwafukuza kuku.

Wanaongea tena. Yule mama tukikutana njiani hunisalimia, huniuliza habari za watoto, ila hajaniletea nguo nyingine. Wateja bado wanakuja na picha ya robo ile katika simu zao, wakitaka maua kama yale. Nawashonea. Wakiuliza nilipata wapi kitambaa kizuri namna hiyo, nasema ni cha zamani.