Sahani Niliyoiacha

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau nikashindwa, na karatasi uliyoniletea juzi ndiyo iliyonirudisha huko. Mmeiandika vizuri, wewe na vijana wenzako wa shirika letu: kwamba kwa ajili ya amani watu wa lugha moja wasali saa tatu na wa lugha nyingine saa kumi, kila watu katika ua wao, na kwamba chini ya sahihi zenu iwepo sahihi ya mzee mmoja aliyesoma. Mkanichagua mimi. Sijawa mzee sana kwa miaka, lakini Goma humzeesha mtu kabla ya wakati wake, nami silikatai jina hilo. Kalamu ninayo. Ila keti kwanza nikueleze kilichonipata nilipokuwa na umri wako.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya historia ya Kanisa la mwanzo. Nilipanga chumba mtaa wa Himbi, katika ua wenye bomba la maji, nikijiona mtu aliyefika. Vita ilikuwa imepanda tena milima ya juu ya Sake, na watu wakashuka kwa maelfu, wakajaza pande za Lac Vert, nje ya mji, kwa mahema ya turubai yaliyotandikwa juu ya mawe ya volkano. Baadhi yao walianza kuja kusali nasi. Unajua kwamba shirika si parokia. Ni nyumba chache za majirani wanaosali pamoja na kula pamoja. Desturi yetu, ambayo ninyi hamkuikuta, ilikuwa hii: baada ya sala bugali uliwekwa kwenye sahani kubwa, watu watano watano wakaizunguka mkekani, mkono wa kila mtu ndani ya sahani ileile.

Kiongozi wetu alikuwa Mama Kahindo, mjane aliyeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la ufukoni la Kituku. Mikono yake ilinuka samaki hata alipoishika rozari, naye alikuwa akisema kwamba mtakatifu Petro peke yake asingemlalamikia. Miongoni mwa waliokuja alikuwapo Faustin, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Masisi, pamoja na mama yake. Nyumbani kwao walisema Kinyarwanda. Mimi kwetu ni Butembo, tunasema Kinande. Tulipatana upesi, kwa maana sote wawili tulipenda vitabu na hatukuwa na mtu mwingine wa kuvizungumzia.

Mama yake alikuwa dhaifu. Kule kwenye mahema walikunywa maji ya kuchota ziwani, na kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuanza. Katika ua wetu kulikuwa na chumba kimoja kitupu, na mwenye nyumba aliniachia mimi nichague atakayekaa humo. Nilimwahidi Faustin. Jumapili ile, kabla ya sala, nilimpa ufunguo mkononi.

“Leo jioni mtalala Himbi,” nikamwambia.

“Mama atapenda ile robine,” akacheka. “Atakuwa anaifungua bure, kuangalia tu maji inatoka.”

Sasa, kulikuwa na minong’ono katika shirika. Papa Muhindo, mtu mwema, fundi wa mbao, ndiye aliyeisema kwa sauti: “Hawa bageni basali na sisi, haiko mubaya. Lakini kusoma somo mbele ya batu? Kuongoza? Hapana. Bajifunze kwanza desturi yetu, bakuwe kama sisi, kiisha tutaona.” Mama Kahindo alinigeukia mimi. “Kambale, weye ulisoma. Tufundishe.”

Nikafundisha, mwanangu. Niliwaambia kwamba swali la Papa Muhindo lina umri wa Kanisa lenyewe. Waamini wa kwanza walikuwa Wayahudi. Masiya waliyemhubiri alikuwa ahadi ya Wayahudi, iliyotamkwa na manabii wa Wayahudi. Watu wa mataifa walipoanza kuamini, wakubwa wa Yerusalemu walijiuliza neno hilohilo: je, hawa watahiriwe kwanza, washike desturi zetu, wawe kama sisi, ndipo tule nao? Nikaeleza jinsi Yakobo alivyosimama na neno la Amosi, kwamba hema la Daudi lililoanguka litasimamishwa tena ili mataifa nayo yamtafute Bwana. Nikaeleza jinsi Isaya alivyomwona mtumishi wa Mungu akiwa nuru ya mataifa. Nikaeleza jinsi Hosea alivyowaambia Israeli wenyewe kwamba walioitwa si watu wa Mungu wataitwa wana wake, na jinsi Paulo alivyothubutu kulifungua neno hilo hadi likatuingiza na sisi. Mitume hawakuuvunja unabii, nilisema. Waligundua tu kwamba mlango wake ulikuwa mpana kuliko walivyodhani. Na nikamalizia hivi: “Katika nyumba ya Mungu wa Israeli, mimi wa Butembo na Faustin wa Masisi sote ni wageni. Hakuna mwenyeji wa Kivu humu. Mwenyeji ni Myahudi, sisi tumekaribishwa.”

Walipiga makofi. Papa Muhindo mwenyewe alitikisa kichwa kukubali, akasema, “Aa, basi nimesikia.” Nilimwona mama yake Faustin akimvuta mwanawe mkono amtafsirie sentensi ile ya mwisho; akamtafsiria, naye akaomba airudie. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa nusu saa ile niliamini kwamba mji mzima ungeweza kupona kwa sababu ya maneno yangu.

Tukaketi kula. Kwenye sahani yangu walikuwapo Faustin, mama yake, Mama Kahindo na Papa Muhindo. Bugali ulikuwa wa moto, na sambaza, na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese.

“Profeseri,” Faustin akanitania, “unakula polepole kama uko nasahihisha mitihani.”

“Muache,” Mama Kahindo akasema. “Mutu wa diplome anatafuna na akili. Sisi tunatafuna na meno, njo maana tunashiba.”

Tulikuwa bado tunacheka lango lilipofunguliwa. Aliingia baba yangu mdogo, mfanyabiashara wa Butembo, pamoja na wenzake wawili. Nguo zao zilikuwa na vumbi la njia nzima. Lori lake lilikuwa limechomwa moto barabarani siku mbili kabla, na dereva, mtoto wa shangazi yangu, ameuawa. Ni nani aliyefanya hivyo, hakuna aliyejua. Lakini kila mtu alikuwa amekwisha kuamua walisema lugha gani.

Hakufoka. Alisimama pale langoni akasalimia kwa Kinande, salamu ndefu na nzuri, kama tunavyosalimia kwetu; na kwa salamu hiyo moja aliugawa mkeka vipande viwili, maana nusu ya waliokaa hawakuweza kuitikia. Kisha akanitazama mimi, akautazama mkono wangu ndani ya sahani.

Nikasimama.

Nilisema nakwenda kunawa. Nikanawa kweli. Kisha, badala ya kurudi nilipokuwa, nikaenda kuketi na baba mdogo upande wa pili wa ua, nikaagiza tuletewe sahani nyingine. Usidhani nilimchukia Faustin, mwanangu. Ningalimchukia, kosa langu lingalikuwa na maana. Niliogopa tu kuonekana. Damu nzito kuliko maji, husema watu, na siku ile niliona jinsi maji yanavyomwagwa.

Papa Muhindo akatazama huku na huku, kisha naye akasimama, akanifuata. Kwenye sahani ya jirani wakasimama wawili, kisha mwingine. Hawakuamrishwa na mtu. Mwalimu wao alikuwa amesimama. Mwishowe kwenye sahani yetu ya kwanza walibaki watatu: Faustin, mama yake na Mama Kahindo, na bugali wa watu watano.

Mama Kahindo hakungoja faragha. Alisema kutoka mkekani, mdomo wake ukiwa bado na chakula:

“Kambale! Asubui ulitufundisha sisi wote tuko bageni. Sasa ni saa sita tu, umeisha kupata ukoo?”

“Mama, unajua hali,” nikajibu.

“Hali? Petro naye alijua hali. Alikuwa anakula na batu wa mataifa, muzuri kabisa, mupaka bakafika batu ya kwao kutoka Yerusalemu, akasimama, akajitenga. Na Paulo alimwambia mbele ya bote. Miye siko Paulo, niko muuzishaji wa sambaza. Lakini macho niko nayo.”

Baba mdogo akainamisha uso. Nadhani hata yeye aliona haya. Nadhani, kama ningerudi wakati ule, asingenizuia. Mtu mwenye msiba hapaswi kuachwa peke yake, ni kweli, lakini ningeweza kumkaribisha kwenye sahani ileile. Wazo hilo lilinijia miaka mitatu baadaye. Akili nyingi huondoa maarifa.

Faustin alimalizia tonge lake, kwa maana kwao chakula hakiachwi kwa hasira. Akanawa. Akautoa ufunguo katika mfuko wa shati, akauweka ukingoni mwa sahani, upande ambao alama za vidole vyangu zilikuwa bado zimechorwa kwenye bugali. Akamshika mama yake mkono, wakatoka kwa miguu kuelekea Lac Vert. Mama yule aliniaga. Hakuwa ameelewa kilichotokea. Alidhani nimeitwa na wakubwa.

Niliuchukua ufunguo, nikaufuta bugali, nikautia mfukoni. Kutoka pale hadi njia kuu palikuwa na mwendo wa kusali Baba Yetu moja. Ningewafikia kwa kutembea tu. Nilijiambia nitakwenda kesho, watu wakiwa wachache. Kesho yake kulikuwa na matanga ya dereva. Kisha kukawa na jambo jingine. Wiki ya tatu Mama Kahindo alinipitia akitoka Kituku, na karai lake kichwani, akaniambia kwamba mama yake Faustin amekufa kwa kipindupindu na wanamzika mchana ule.

Nilikwenda. Faustin alinipokea kama unavyompokea mtu yeyote aliyekuja kuzika. Akanionea huruma, akaanza kusema yeye:

“Mama alipenda sana ile mafundisho yako. Alikuwa anaifundisha batu hapa mu mahema. Kwamba mu nyumba ya Mungu haiko mwenyeji.”

Ndiyo mara ya mwisho nilipomwona. Aliondoka na mtumbwi kutoka Kituku siku chache baadaye. Wengine walisema amekwenda Bukavu, wengine wakasema mbali zaidi. Majuto ni mjukuu, na wangu amekwisha kukua, ana ndevu.

Tangu hapo nimesoma tena na tena habari za Petro. Alikuwa ameona maono juu ya vyakula safi na najisi. Alikuwa ameingia nyumbani kwa akida wa Kirumi akala humo. Hakukosa elimu, na elimu haikumshika kitini. Paulo anaeleza katika barua yake alivyomkemea, tena kwa maneno mengi. Lakini nimetafuta, mwanangu, na wataalamu wenye ndimi nyingi kuliko zangu wametafuta: barua ile haisemi kama Petro alirudi kuketi. Inanyamaza. Nimeishi katika kimya hicho miaka yote hii.

Na kilichofuata katika historia hakinifariji. Mataifa yaliyoingia kwa mlango wa unabii yaliongezeka, yakajaza nyumba, kisha yakamgeukia mwenyeji yakamwambia: ahadi sasa ni zetu, wewe huna kitu humu. Mgeni alimfukuza mwenyeji kwa kitabu cha mwenyeji. Paulo alikuwa ameonya kwamba tawi lililopandikizwa lisijivune mbele ya shina, lakini hakusikilizwa. Nikiwatazama ninyi na karatasi yenu, sishangai. Tuliokaribishwa bila kustahili tunabishana ni nani kati yetu aliyefika kwanza, na mabishano hayo tunayaita amani. Nami ndiye niliyewaonyesha njia, maana tangu Jumapili ile shirika halikula tena kwenye sahani moja. Mama Kahindo alijaribu hadi alipokufa. Kila mtu alileta bakuli lake.

Basi nasaha yangu ni hii, na ninaitoa bila matumaini makubwa. Sitaweka sahihi. Najua mtampata mwingine. Wasomi hawajawahi kuwa adimu katika kazi hii. Lakini wewe, uliyekuja mpaka kwangu, usimwombe Mungu akufanye mwalimu kabla hajakufanya mtu wa kubaki alipoketi. Unapowasoma manabii, wasome kama mgeni anavyoshika chombo cha mwenye nyumba, kwa mikono miwili. Usimdharau Myahudi, ambaye kwa baraka zake unasali. Wala usimtake jirani awe kama wewe kwanza, maana wewe hukuambiwa hivyo ulipopokelewa. Watu wako watakapoingia langoni na msiba wao, na wataingia, uwe na huruma nao, wasogezee mkeka, ila usiutoe mkono katika sahani. Ukiwa umekwisha kusimama, rudi siku ileile. Usingoje kesho. Kesho ina matanga yake.

Chukua karatasi yako. Na huu ufunguo pia nataka uuone, kabla hujaondoka; chumba chenyewe kilikwisha kubomolewa, haufungui kitu. Mungu wa Ibrahimu, mtu asiye babu yetu kwa damu, Mungu ambaye hata hivyo alitufungulia, akulinde katika mji huu usiolindwa. Akupe jirani wa lugha usiyoijua na bugali wa moto kati yenu. Na siku ile utakapotaka kusimama, mwanangu, akupe miguu mizito.