Kijiji Nilichodhani Kiko Ingleburn

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka ya Australia ni ya mashuka yanayochemka. Kila Jumatatu jirani yetu, Bibi Elsie, alibandika sufuria kubwa jikoni kwake, akakwangulia sabuni ya mche ndani ya maji, akatumbukiza mashuka yake na kuyakoroga kwa mpini wa ufagio mpaka vioo vyote vya madirisha vikafunikwa na mvuke. Mashine ya kufulia alikuwa nayo. Binti yake alimnunulia, ikakaa pembeni ikiwa imebebeshwa vyungu vya maua. Nje jua la Januari lilikuwa limeunguza nyasi za Minto, mtaa wetu, zikageuka rangi ya mkate, nyenje walikereza kwenye mikaratusi kama misumeno, na sisi wawili tulikuwa ndani, tumelowa jasho, tukifua kana kwamba kuna mtu atakuja kutukagua. Mwishoni alitia bluu kwenye maji ya kusuuzia. Bluu ile niliijua. Mama yangu aliitumia kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma kwa blauzi zake za kwaya. Nilipoiona mikononi mwa Bibi Elsie niliamua papo hapo, kwa akili zangu za miaka kumi, kwamba huyu bibi wa Kizungu na mama yangu wametoka sehemu moja, au sehemu zinazopakana.

Mimi na mama tulikuwa na miezi michache tu Sydney. Sisi ni watu wa Fizi, ng'ambo ya ziwa kutoka Kigoma, lakini mimi nilikulia kambini, na baba tulimzika huko huko. Mama alipata kazi ya kupanga maboksi kwenye ghala moja kule Ingleburn, stesheni inayofuata kutoka kwetu, na shule zilipofungwa kwa likizo ndefu ya kiangazi hakuwa na mtu wa kuniachia. Binti wa Bibi Elsie, niliyefundishwa kumwita Anti Jean, aliishi Doonside, mbali, na yeye alikuwa na shida hiyo hiyo kwa upande wake: mama yake alikuwa ameanza kusahausahau. Wakakutana uani, wakaelewana kwa maneno machache na mikono mingi. Asubuhi ya kwanza mama aliniambia, "Bibi atakuangalia, Furaha. Umusikilize." Anti Jean naye alinishika bega, akaniambia polepole, neno moja moja, nimwangalie mama yake vizuri. Kwa hiyo sikujua nani anamwangalia nani. Sidhani kama hata Bibi Elsie alijua, maana asubuhi alinipikia uji na kunifuta mdomo, na mchana akaniomba ruhusa ya kutoka kwenda kuanua nguo.

Tukishaanika alikaa kwenye kiti cha jikoni na kuanza kusimulia habari za kijijini kwao. Hakukitaja kwa jina hata siku moja; kwake kilikuwa kijiji tu, kama vile duniani hakuna kingine. Alinieleza juu ya mhunzi ambaye akimvisha farasi chuma cha moto kwenye kwato, moshi ulipanda na harufu ya pembe iliyoungua ikaenea mpaka darasani. Alinieleza juu ya fundi wa magurudumu, na mwokaji ambaye Jumapili aliwaachia watu tanuri lake, kila mama akaleta nyama yake kwenye bati, halafu ugomvi ukazuka ya nani imepungua. Shule ilikuwa chumba kimoja chenye jiko moja la makaa, na waliokaa mbali nalo waliandika huku vidole vimekufa ganzi. Bwana mkubwa mwenye ardhi akipita, wasichana walipiga goti na wavulana walivua kofia, la sivyo baba zao wangesikia. Mavuno yakiisha, kengele ya kanisa ililia, ndipo wanawake na watoto wakaruhusiwa kuingia shambani kuokota masuke yaliyobaki. Na mama yake ndiye aliyeitwa kila penye mtoto wa kuzaliwa na kila penye maiti ya kuosha. "Mikono ile ile," alisema, akinionyesha ya kwake. "Alikupokea, na alikusindikiza."

Nyanya yangu, mama yake mama, alifanya kazi hiyo hiyo kule Fizi. Mhunzi nilimjua, kambini alikuwepo mmoja aliyefua majembe kwa vyuma vya magari mabovu. Kuokota masuke pia nilikujua, tofauti yetu ilikuwa ni mahindi. Kwa hiyo sikusikia lolote la ajabu. Kilichonichanganya ni jambo jingine kabisa. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa hakijajua kutofautisha jana na leo, na Bibi Elsie mwenyewe alikuwa ameanza kuacha kutofautisha. Akisema mhunzi anafungua karakana alfajiri, mimi nilielewa kwamba anafungua. Nikaingia mashaka, kwa sababu Minto niliyoiona ilikuwa nyumba za matofali, mapipa ya takataka ya rangi tatu, na maegesho ya magari. Nilimuuliza mama farasi wako wapi. Mama alikuwa amechoka, anavua viatu vya kazi. "Huku kuna kila kitu," alijibu, "ila iko mbali na watu." Nikahitimisha kwamba kijiji kiko nyuma ya maghala ya Ingleburn, mahali ambapo sisi wageni hatujaonyeshwa bado.

Kuelekea mwisho wa likizo Anti Jean alianza kuja mara kwa mara, akiwa na makaratasi yenye picha za vyumba na bustani. Siku moja niliwasikia sebuleni. Anti Jean alikuwa anabembeleza, Bibi Elsie alikuwa analia, na neno lililorudiwa ni 'home', lile ambalo shuleni tulifundishwa kuwa maana yake ni nyumbani; sikujua bado kwamba makao ya wazee nayo huitwa hivyo. Sikuelewa kwa nini mtu alie kwa kupelekwa nyumbani. Anti Jean alipoondoka, Bibi Elsie alinivuta karibu na kunieleza. Kijijini kwao, mzee asiyeweza tena kufanya kazi na asiye na wa kumlisha hupelekwa kwenye Nyumba ya Maskini, iliyoko mjini, yenye ukuta mrefu. Wanakuvua nguo zako na kukuvisha za kwao. Mume wanamweka huku, mke kule. Babu yake alipakiwa kwenye gari la farasi la mchukuzi, lile lililopeleka mayai na kuku sokoni, akakalishwa katikati ya matenga. Hakurudi. "Na sasa Jean ananipeleka," alisema.

Nilimwamini neno kwa neno, na sikuwa na sababu ya kutomwamini. Mimi nilikuwa nimekulia ndani ya uzio. Nilijua kwamba kuna mahali watu hupelekwa kwa gari, wakagawiwa blanketi na kuambiwa waketi upande ule. Nilimuuliza kwa nini asirudi kwa mama yake, kijijini. Aliacha kulia. Aliniangalia kama mtu aliyeonyeshwa mlango katika ukuta alioukodolea macho siku nyingi, akaenda kuvaa kofia.

Tulitembea hadi stesheni ya Minto juani, yeye na koti lake la sufi, mimi nimebeba mkoba wake. Alijua kila kitu, au aliongea kama anayejua: tutapanda treni, tutashuka, na mchukuzi atakuwa anangoja na gari lake la farasi, maana ndiyo siku yake. Tulishuka Ingleburn kwa sababu mimi nilisema tushuke. Tukakaa kwenye benchi nje ya stesheni. Malori yalipita. Kasuku weupe walikuwa wanararua kitu kwenye pipa la taka. Kila gari kubwa lililokata kona, Bibi Elsie alijiweka sawa na kushika kofia yake, na mimi moyo ukaruka, kisha tukaketi tena. Kiu ilitushika. Nilianza kupata wasiwasi, si kwamba kijiji hakipo, ila kwamba labda tumekosea siku.

Mama ndiye aliyetukuta, akitoka kazini na fulana yake ya kung'aa. Alisimama mbele yetu na mkoba wake wa chakula mkononi.

"Furaha. Uko unafanya nini huku?"

"Tunamsubiri mchukuzi."

"Mchukuzi gani?"

"Wa gari la farasi. Anampeleka Bibi kijijini kwao. Ni hapo tu nyuma."

Mama aligeuka akatazama huko nyuma, kwenye maghala aliyotoka. Bibi Elsie akamwuliza kwa adabu kama yeye ndiye mke wa mchukuzi, nami nikatafsiri. Mama hakucheka. Aliketi kati yetu, akafungua chupa yake ya maji, akampa Bibi Elsie kwanza.

"Sikiliza," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hii mama muzee alikuja kwa meli toka Ulaya, mimi bado sijazaliwa. Kijiji yake iko kule."

"Lakini mhunzi anafungua alfajiri. Kaniambia mwenyewe."

"Mhunzi alishakufa, mwanangu. Alikufa zamani sana. Muangalie yeye vile amezeeka, halafu fikiri mhunzi."

Nililia. Nimewahi kuwaeleza watu kisa hiki na wao hudhani nililia kwa ajili ya Bibi Elsie, au kwa aibu. Hapana, nililia kwa ajili ya mhunzi. Asubuhi ile alikuwa hai, ana aproni ya ngozi na mbwa mwenye jicho moja, na sasa ameondoka yeye, mwokaji, fundi wa magurudumu na wote waliopigana kwa sababu ya nyama, kwa sentensi moja ya mama. Bibi Elsie aliponiona nalia aliinuka, akanizungusha mikono yake akiwa na koti lake zito. "Usiogope," alininong'oneza. "Wewe hawakupeleki. Wewe bado una nguvu za kazi."

Mama alimpigia simu Anti Jean, naye akaja na gari, uso mwekundu. Hakufoka. Alimfunga mama yake mkanda, kisha akainama kwangu na kuniuliza kwa nini nimefanya vile.

"Kwa sababu unampeleka Nyumba ya Maskini," nilisema, na kwa Kiingereza changu kilichovunjika nikamweleza habari za babu, mchukuzi, matenga ya kuku, na nguo. Anti Jean alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alikaa kwenye usukani bila kuwasha gari.

"Mimi aliniambia babu yake alifia kitandani kwake," alisema. "Maisha yangu yote ameniambia hivyo."

Tukamgeukia Bibi Elsie. Alikuwa anawatazama kasuku, ametulia kabisa, kama mtu aliyekwisha kufika.

Alipelekwa, hata hivyo, kabla wiki za mwanzo za shule hazijaisha. Mama alinipeleka kumtembelea kwenye makao hayo ya wazee, huko Campbelltown. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukuta mrefu. Kulikuwa na mlango wa kioo uliofunguka wenyewe, harufu ya supu, na wahudumu wawili waliozungumza na mama kwa Kiswahili mara tu walipomsikia. Bibi Elsie alikuwa amevaa gauni lake mwenyewe. Aliponiona alishtuka, akanishika mkono.

"Na wewe wamekuleta?"

Nilimwambia nimekuja kusalimia tu. Alitazama huku na huku, akanisogelea. "Hapa ndipo pale penyewe," alisema. "Lakini walitudanganya. Chakula chao kizuri." Kisha akacheka, akala kastadi yake yote, na mimi niliondoka sijui kama nimefurahi au nimeumia. Nilikuwa nimepigana upande wake, na sasa upande wenyewe haukuwepo.

Alifariki kabla baridi ya mwaka ule haijaisha. Kwenye mazishi Anti Jean alituambia kwamba mama yake alitoka kijijini akiwa binti mdogo wa miaka kumi na minne, kwenda kuwa mtumishi kwenye nyumba kubwa ya matajiri, na hakuishi tena kijijini. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu. Kumbe kile kijiji chote, pamoja na mhunzi wake na bwana mkubwa wake, kilikuwa kimeonwa na macho ya mtoto, kikasimuliwa kwa mtoto. Huenda ndiyo maana tulielewana vizuri, na huenda ndiyo maana hakuna aliyejua ukweli wa yule babu.

Leo mimi ni muuguzi, naishi Doonside na mama yangu na mwanangu, Imani. Mtaa wetu wa zamani wa Minto ulibomolewa. Zimejengwa nyumba mpya nzuri, na siwezi kuonyesha kwa kidole jiko la Bibi Elsie lilikuwa wapi. Mara nyingi hujaribu kulinganisha nyakati, na hesabu hainikalii sawa. Kule kijijini, mtu alimjua tangu siku ya kuzaliwa yule atakayemwosha akifa. Hapa mtaani kwangu nayajua magari ya majirani, majina yao siyajui. Lakini sitaki mwanangu ampigie goti mwenye ardhi, na mzee aliyepakiwa pamoja na kuku, kama kweli alipakiwa, alipakiwa na watu hao hao waliojuana tangu kuzaliwa. Kazini nawapokea wazee wanaoletwa na watoto wao wanaolia, nawaandalia kitanda, nawaita kwa majina yao, na bado sijajua mimi ni nani katika kisa chao.

Juzi mama alikuwa anamsimulia Imani juu ya soko la kwao Fizi, samaki wa ziwani walivyopangwa juu ya majani ya migomba, wanawake walivyoitana kwa utani toka upande huu hadi ule. Alisimulia vizuri mpaka mtoto akaacha kula. Kisha Imani akauliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili hukisikia ila hajibu kwacho, kama soko hilo lipo hadi leo. Mama akanigeukia mimi. "Mwambie," alisema. Mimi nilitoka kule nimefungwa mgongoni kwake, nimelala. Nilimtazama mwanangu, nikamtazama mama, na wote wawili walikuwa wananisubiri mimi.