Shingo Iliyokataa Msasa

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, ndani ya chumba changu cha kazi pale Gerezani. Sikusimuliwa na mtu.

Mimi ni fundi wa magitaa. Mjane mmoja wa Mchafukoge, Mama Rehema, aliniletea gitaa la solo la marehemu mumewe. Shingo yake ilikuwa ya mepo, ule mti mweupe wa Ulaya unaopakwa vanishi hadi pale vidole vinapokanyaga. Lakini vanishi yenyewe ilishaliwa na jasho la miaka ya dansi. Kila marehemu alipozoea kubana nyuzi, palibaki doa jeusi.

"Shikamoo, mama. Nikusafishie tu?"

"Marahaba, mwanangu. Futa yote. Kila nikipita sebuleni naviona vidole vyake. Nimechoka kulia."

Basi nikatoa nyuzi, nikaviziba vile vyuma vya shingoni kwa solotepu, nikapiga msasa taratibu mpaka mti ukawa mweupe kama nazi. Jioni nikapuliza vanishi, nikalitundika likauke.

Mvua ilikuwa inanyesha, mara umeme ukakatika. Nikawasha tochi ya simu. Nikageuka. Mzee mmoja amesimama kando ya gitaa, suti ya kijivu, mkavu kabisa. Mlango nilikuwa nimeufunga kwa komeo. Sasa niambie, alipita wapi?

"Shikamoo, mzee," nikasema. Ungesema nini wewe?

"Marahaba, fundi. Una mkono mwepesi." Akaishika shingo.

"Mzee, vanishi mbichi hiyo!"

Hata hakugeuka. Vidole vyake vikaanza kutembea. Gitaa halikuwa na uzi hata mmoja, naapa, lakini nilisikia solo. Ikanirudisha Jumapili za utotoni, mama kanishika mkono, tumesimama nje ya ukumbi wa dansi tukisikiliza kupitia dirishani; harufu ya mishikaki, vitenge vipya, watu wazima wakicheza polepole kama hawana pa kwenda. Mama mwenyewe ameshatangulia siku nyingi. Machozi yalinitoka kabla hofu haijanifikia.

"Mwambie alie tu," mzee akasema. "Ila asinifute."

Umeme ukarudi. Mtu hayupo, komeo liko palepale. Nikaisogelea ile shingo. Vanishi ilikuwa laini kama kioo, haina hata alama ya kuguswa. Chini yake, ndani ya mti niliousugua kwa mikono yangu, madoa yote yamerudi, kila moja mahali pake.

Asubuhi Mama Rehema akaja. Nikamweleza yote. Alipitisha vidole juu ya yale madoa, moja baada ya jingine, kisha akacheka huku analia.

"Mbishi huyu! Hata kufa hakujamfundisha."

Akaondoka nalo, kalikumbatia kama mtoto.

Tangu siku ile sipulizi vanishi nikiwa peke yangu. Na ile solo haijanitoka. Nimeiulizia kwa wauza kanda za zamani Kariakoo, nikawaimbia kwa mdomo, hakuna anayeijua.

Kwa hiyo sikia, ndugu yangu. Kama nyumbani kuna gitaa la marehemu, chukua kitambaa kikavu, pangusa vumbi, inatosha. Msasa uache. Hujui kama mwenyewe ameshamaliza kupiga.