Mama Vichupa: Nashukuru wifi yangu bado ananichokoza

Ni saa mbili asubuhi na maduka ya chini bado yanafagiliwa, lakini anayepita chini ya jengo hili la ghorofa tatu tayari anausikia mkono wa Mama Vichupa. Ko, ko, ko. Unatulia kidogo. Kisha ko, ko, ko tena.

Juu, katika chumba ambacho dirisha lake limepakwa rangi nyeupe hadi nusu ili jua lisiingie, mwanamke wa makamo aliyevaa koti la kazi lenye mifuko mikubwa anagonga kichupa cha kahawia kwenye mto mdogo wa ngozi. Mto umebonyea katikati kwa kugongwa. Wateja humtania kwamba siku utakapotoboka, na yeye atastaafu.

Hapa ni kwa tabibu wa homeopathi. Dawa huzimuliwa kwa maji tena na tena, na kila inapozimuliwa hugongwa hivyo, kisha matone yake hudondoshewa vidonge vya sukari vidogo kama punje za mtama. Kugonga, kudondosha, kujaza vichupa na kuwaelekeza wateja ndiyo kazi ya Mama Vichupa. Jina lake halisi wanalijua ofisi ya kodi na wanawe tu.

Wanaopanda ngazi hizi ni watu wa maradhi yasiyoisha. Kuna mwenye kipandauso, mwenye magoti yanayojua mvua kabla ya mawingu, mwenye pumu ya ngozi, mwenye tumbo lisilopatana na chakula chochote. Wengi wameshazunguka kote. Mama Vichupa anasema mgonjwa wa aina hiyo amechoka kuulizwa hali na mtu anayetazama saa.

Miguu minne ya meza yake imesimama ndani ya makopo ya maji. Ni kwa ajili ya sisimizi.

"Sisimizi hawajui kama hii ni dawa," anasema, akiongeza maji kwenye kopo moja. "Wao wanajua sukari."

Madaktari wengi wa hospitali wako upande wa sisimizi. Wanasema dawa ikizimuliwa kiasi hicho hakibaki kitu, na tafiti haziwapi sababu ya kusema vingine. Mama Vichupa amezisikia hoja hizo mpaka kwenye sherehe za harusi, na hana haja ya kubishana.

"Mimi si daktari wala si mtaalamu wa maabara," anasema. "Ninachokijua ni kwamba Tabibu anamsikiliza mtu saa nzima, analalaje, anaota nini, anamkasirikia nani. Mtu anashuka hizi ngazi mwepesi kuliko alivyopanda. Sasa ni sukari, ni masikio, Mungu ndiye anajua."

Kwa miaka kumi na moja alimaliza kila mauzo kwa maagizo yaleyale. Vidonge vikae chini ya ulimi. Visishikwe kwa vidole. Na visikutane na harufu kali: kahawa, kafuri, dawa ya kuchua, dawa ya meno ya mnanaa, kwa kuwa watu wa tiba hii wanaamini harufu kali huiua dawa. Aliyasema huku akifunga kizibo, bila kulifikiria neno hata moja.

Ni maagizo hayo yaliyokaribia kumpokonya wifi yake.

Watu husema mawifi hawaivi chungu kimoja. Mumewe alipofariki, majirani walikaa mkao wa kusubiri dada wa marehemu aje kudai vyombo. Alikuja kweli, akiwa na cherehani yake kichwani na begi moja, akasema chumba cha nyuma kina mwanga mzuri wa kushonea. Hajaondoka mpaka leo.

Mshahara wa kugonga vichupa ulitosha kodi na chakula. Ada za watoto wawili zilitoka kwenye cherehani. "Wanangu wamesoma kwa mguu wa shangazi yao," anasema Mama Vichupa, na hapo anajipangusa macho kwa mkono wa koti. "Nitamlipa nini mimi? Hakuna kitu cha kumlipa. Namshukuru tu, na yeye hataki kushukuriwa, anasema nampigia kelele."

Wifi huyo ni mtu wa maneno. Asubuhi haanzi kwa salamu, anaanza kwa uchokozi. Atauliza kama hilo koti ni la kazi au ni pazia. Atauliza kama leo anakwenda kuuza maji au sukari. Akishamaliza hapo anaanza kuimba, na cherehani inafuata wimbo.

Ana pumu tangu utotoni. Inhela yake ya buluu, kile kipulizio cha kuvutia dawa, ilikaa siku zote kwenye dirisha la msalani, karibu na mswaki.

Miezi mingi iliyopita, baada ya msimu wa vumbi uliomsumbua, alimgeukia mke wa kaka yake. Alisema kila siku anacheka vidonge vile, basi avijaribu. Mama Vichupa anakumbuka furaha aliyoisikia. Tangu siku ile ya cherehani, hii ilikuwa mara ya kwanza wifi yake kumwomba kitu. Tabibu alimsikiliza saa nzima kama wengine, akamwambia wazi aendelee na dawa zake za hospitali, akaandika dawa. Mama Vichupa akagonga, akajaza, akafunga kizibo na kusema yale maagizo yake.

Jioni ileile alikuta nyumba imebadilika. Kopo la kahawa halipo. Dawa ya kuchua haipo. Kabatini kafuri za kuzuia nondo zimeondolewa, na dawa ya meno imenunuliwa nyingine isiyo na mnanaa.

"Nikajisemea, huyu anayeninyima hata salamu, leo ananitii kuliko mteja yeyote," anasimulia. "Nilifurahi, ndugu yangu. Nilifurahi mpaka sikutazama dirishani."

Baada ya wiki hivi, asubuhi moja alivaa koti lake na kuaga. Kutoka chumba cha nyuma alijibiwa neno moja tu: "Haya." Alitoka, akafika kazini, akaanza kugonga. Kuna kitu kilimkwama na hakujua ni nini.

Mteja wa kwanza alikuwa dereva mstaafu anayeumwa magoti. Mama Vichupa alimjazia kichupa chake, akashika kizibo na kuanza maagizo. Chini ya ulimi. Usishike kwa vidole. Usikaribie kahawa, kafuri, wala kitu chochote cha harufu kali.

Hapo akakiweka kizibo mezani. Alijisikia mwenyewe akisema neno "chochote". Akakumbuka kwamba wifi yake hakumchokoza asubuhi ile, na jana yake hakumsikia akiimba. Mtu anayeimba siku nzima hunyamaza kwa sababu moja kati ya mbili, na wifi yake hakuwa amekasirika. Akakumbuka ile inhela ikipulizwa huacha harufu ya dawa msalani, harufu inayomfikia mtu hadi ukumbini.

Alimwachia mstaafu kichupa kikiwa wazi na kukimbia.

Alimkuta wifi amekaa kwenye ukingo wa kitanda, ameshika magoti, mabega yakipanda na kushuka. Alipojaribu kusema, neno liligawanyika vipande viwili na katikati yake akavuta hewa. Midomo ilikuwa imepauka. Mama Vichupa aliuliza iko wapi, na wifi akanyoosha kidole juu ya kabati.

Huko kulikuwa na ndoo ya rangi yenye mfuniko, imezungushiwa nailoni na kamba ya kushonea kama mzigo wa safari. Ndani yake vilikuwamo kahawa, kafuri, dawa ya kuchua, dawa ya meno ya zamani, na chini kabisa inhela ya buluu. Wifi alikuwa ameikusanya harufu kali yote ya nyumba na kuifungia, asije akaiharibu dawa ya mke wa kaka yake.

Alimpulizia, akamsubiri avute, akampulizia tena. Kisha akafungua dirisha na kumwita fundi vioo wa nyumba ya jirani, ambaye alikuwa anapakia vioo vya madirisha kwenye gari lake dogo la mizigo. Fundi hakuuliza swali. Hakushusha hata kioo kimoja, akampandisha mgonjwa mbele na kuondoka.

"Mwaka mzima namwambia yule bwana anaendesha kama anabeba mayai," anasema Mama Vichupa. "Siku ile alikwenda kama upepo, na kioo hakikupata hata ufa. Nikimwona mpaka leo namwombea dua, mpaka ananikimbia."

Kwenye kituo cha afya wifi aliwekewa oksijeni na kupewa dawa ya mvuke. Muuguzi aliyempokea aliwaambia wamefika kwa wakati, na kwamba wangekunywa chai kwanza angekuwa anasema maneno mengine. Mama Vichupa alisubiri kugombezwa kuhusu vidonge vyake. Hakugombezwa. Muuguzi alivuta kiti, akawaeleza taratibu inhela ipi ni ya kuokoa na ipi ni ya kila siku, na kwa nini ile ya kila siku isiachwe hata mtu akijisikia mzima. Ile ya pili wifi hakuwahi kuwa nayo. Sasa anayo.

Jioni, sauti iliporudi kidogo, Mama Vichupa alimuuliza kwa nini.

"Si ulisema chochote?" wifi alijibu. "Mimi nimefuata." Akapumzika, akavuta hewa, akaongeza kwa sauti ya chini, "Nimekucheka miaka yote hii, wifi. Nilitaka mara moja tu dawa yako ifanye kazi, uione."

Mama Vichupa anasema hapo alilia kuliko alivyolia msibani. Alimshika mkono mpaka watoto walipofika.

Siku ya pili alimwendea Tabibu akiwa tayari kuacha kazi. Tabibu, mtu wa maneno machache anayefuga ndevu zisizokubali kufugika, alimsikiliza kama anavyosikiliza wagonjwa. Kisha akafungua droo yake na kumwonyesha vidonge vyake mwenyewe vya shinikizo la damu, vya hospitali, anavyomeza kila asubuhi. Akasema kosa ni lao wote wawili, kwa kuwa yeye alisema habari ya dawa za hospitali mara moja tu chumbani, na maagizo ya mlangoni ndiyo mtu huondoka nayo. Akamwuliza wafanye nini.

Jibu alilolitoa Mama Vichupa ndilo analolitekeleza leo mbele ya macho yangu. Mama mmoja mwenye pumu ya ngozi amefika kuchukua kichupa. Kabla kizibo hakijaguswa, anaombwa aweke mezani kila dawa anayotumia nyumbani. Mama anatoa mkoba, anatoa krimu ya hospitali, vidonge vya sukari ya damu, tembe za maumivu zilizopita muda.

Mama Vichupa anazisogeza za hospitali upande mmoja na kuziwekea kiganja juu.

"Hizi zinabaki, mama. Harufu yake isikutishe. Ukitaka kuacha hata moja, muulize aliyekuandikia, usiniulize mimi wala Tabibu. Tumeelewana?"

Anataka arudishiwe maneno hayo kwa mdomo. Mteja asipoyarudisha, kichupa hakijazwi. Wapo waliokasirika na kuhamia kwingine, wakisema wamekuja kwa tiba mbadala wanapelekwa hospitali. Tabibu hajalalamika, na Mama Vichupa anashukuru kwa hilo pia.

Anashukuru mambo mengi, kwa kweli. Mimi niliyekuja kusikia habari za vidonge nimeketi asubuhi nzima nikisikia habari za fundi vioo, muuguzi, mstaafu wa magoti ambaye alifunga kizibo mwenyewe na kulinda chumba mpaka Tabibu alipofika. "Kushukuru ni kuomba tena," anasema, na ombi lake lenyewe ni dogo. Anajiandikisha kwa mafunzo ya usaidizi wa famasia, masomo ya jioni, kwenye chuo ambacho yule muuguzi alimwelekeza. Hana mpango wa kumwacha Tabibu. Anataka tu mtu akimwaga mkoba mezani, ajue anachokitazama.

Karatasi za kujiunga zimejazwa. Kilichobaki ni picha, na picha zimesahaulika nyumbani. Wifi amesema atazileta mwenyewe, akipanda ngazi za ghorofa tatu kwa mara ya kwanza tangu siku ya ndoo.

Mama Vichupa anachukua kichupa kingine na kuinua mkono. Haugongi. Chini mlangoni mtu ameanza kuimba, wimbo wa zamani wa taratibu, na sauti inapanda. Inafika kwenye kona ya kwanza. Inafika ya pili, pale ambapo hata mimi nilisimama nikajifanya natazama simu. Mkono wa Mama Vichupa bado uko juu. Midomo yake inafuata maneno ya wimbo bila sauti.

Sauti haikatiki. Mlango unafunguliwa, na mwanamke mnene mwenye kamba ya kupimia shingoni anaingia na bahasha ya picha, inhela ya buluu ikichungulia kwenye mfuko wa gauni.

"Hizi hapa," anasema. "Umekaa vibaya kwenye zote. Chuo wakikukataa, ni sura, si masomo."

Mama Vichupa anasema asante. Wifi anamwambia aache kelele, afanye kazi, watu wanasubiri sukari yao.

Ko, ko, ko.